Risasi Isiyo na Baruti

Mume wangu Verlin Tostrud si mtu wa maneno, na kwa miaka arobaini na moja ya ndoa nimeshukuru kwa hilo, maana mimi nasema ya kututosha wote wawili. Aliendesha lori la magogo miaka thelathini na moja katika bonde letu la Ulmer, hapa Montana, na sikumbuki hata siku moja kumsikia akimuuliza mtu njia. Kwa hiyo mwaka ule alipoanza kuuliza, tena kumuuliza kila aliyepita mbele yake, nilijua mambo yameharibika.

Alichokuwa anauliza ni kitu kimoja tu: risasi gani imfae mtu kwa elki, yule kulungu mkubwa wa milima yetu.

Jamani. Mtu aliyempiga elki wake wa kwanza akiwa na miaka kumi na minne kwa bunduki ya marehemu baba yake, akala nyama ya elki kila majira ya baridi tangu siku hiyo, leo ana miaka sitini na sita anauliza risasi. Ni sawa na mimi nisimame kanisani niulize viazi vinachemshwaje. Lakini watu wa Ulmer walifurahi mno. Huku kwetu ukitaka mwanamume azungumze usimuulize habari za watoto wake, wala za moyo wake. Muulize risasi ya elki, kisha jitafutie kiti.

Sababu niliijua. Mwaka uliotangulia, siku ya tatu ya msimu, Verlin alimpiga dume kubwa upande wa kaskazini wa mlima, na yule dume hakuanguka. Aliingia kwenye misonobari iliyosongamana na risasi yetu mwilini. Tulimtafuta siku tatu, mimi na Verlin na mdogo wake Arvid. Tuliona matone ya damu, kisha matone machache, kisha theluji ikaanguka tusione kitu tena. Siku ya nne Verlin alikaa jikoni na buti zake miguuni akaniambia, "Nikimwacha mwingine akafie huko vile, Idella, mlima sipandi tena." Nikamwambia atie kitu tumboni. Hakula.

Na risasi ile, sitaficha, ilitoka mkononi mwangu. Mimi ndiye ninayejaza risasi za nyumba hii. Nina meza yangu chini ya ngazi, karibu na rafu ya jamu na kachumbari za chupa. Ganda lililokwisha kupigwa nalisafisha, nalitia fataki mpya ya kuwashia baruti, napima baruti kwenye mizani ndogo, kisha juu yake nagandamiza kichwa cha risasi mpaka kikae. Alinifundisha mama mkwe, mwaka nilioolewa, kwa sababu alisema mkono wa mwanawe una haraka. Tangu hapo risasi ni moja tu, ile tunayoiita thelathini-sifuri-sita, na elki wameanguka kila mwaka bila maneno.

Verlin hakunilaumu. Laiti angenilaumu ningejua pa kuanzia. Alichofanya ni kwamba majira ya kuchipua alirudi kutoka mjini na pakiti ya risasi za dukani, akaiweka mezani kando ya mkate, bila kunitazama usoni. Wanawake wengine hugundua marashi ya mwanamke mwenzao kwenye shati. Mimi niliwekewa pakiti ya dukani mbele ya kifungua kinywa changu, na mtu akaendelea kupaka siagi.

Basi tukaanza kwenda dukani kwa Lyle Petrich, anayeuza misumari, chakula cha kuku na risasi, na ana meza ya kahawa nyuma ambako wanaume wazima hupotelea. Siku ya kwanza Arvid alikuwepo. Shemeji yangu huyu ana sauti inayofika mahali kabla yake.

"Mia tatu magnamu," alisema. "Elki si sungura, kaka. Mpige na kitu ambacho hata ukimkosa anapata homa."

"Teke la bunduki hiyo litamng'oa bega," nikasema.

"Shemeji, wewe tumiminie kahawa."

"Kahawa ni ya Lyle. Mwambie Lyle."

Lyle akacheka akasema mia tatu ni ya waoga, siku hizi mtu mwenye akili anatumia sita nukta tano, nyembamba, inakwenda mbali, na bega halijui kama umepiga. Arvid akamjibu kwamba hiyo ni ya kutogea ndama masikio. Pembeni alikaa Roscoe Delahunt, aliyekuwa mwalimu wa hesabu, na Roscoe hakuitaka hii wala ile. Yeye alisema saba, saba milimita, akachora mistari kwenye karatasi ya kufutia mikono kuonyesha risasi inavyoshuka ikifika yadi mia nne. Verlin akaikunja ile karatasi akaitia mfukoni. Mlima wetu umejaa miti, yadi mia nne unaziona ukipanda juu ya paa la kanisa.

Sasa hebu sikiliza hesabu zenyewe, maana mimi nimezijaza kwa mkono na bado zinanichanganya. Saba ni nene kuliko nyingine inayoitwa mia mbili sabini. Thelathini-sifuri-sita, na mia tatu, na mia tatu na nane, zote hizo kichwa chake kina unene mmoja, zinatofautiana baruti tu. Ile sita ya mwisho kwenye thelathini-sifuri-sita si unene wala uzito, ni mwaka risasi ilipozaliwa, elfu moja mia tisa na sita. Mtu aliyetoka kwake akiwa amechanganyikiwa tayari, ukimpa hesabu kama hizi, unamsaidia au unamzika? Nahodha wengi, chombo huenda mrama, na Verlin wangu alikuwa na manahodha wanne ukimhesabu na yeye mwenyewe.

Kufika Agosti nyumba ilikuwa na bunduki tatu ngeni. Mia tatu aliazimwa na Arvid. Sita nukta tano Lyle alimpa aijaribu. Saba aliipata kwa kubadilishana na mashine ya kupasulia kuni, na mimi ndiye niliyepasua kuni kwa shoka mwaka ule, asante sana. Pakiti za risasi zilizunguka sahani yake. Anakula, anasogeza moja mbele, anairudisha, anasogeza nyingine.

"Unaonaje?" aliniuliza usiku mmoja.

Katika maisha yangu yote Verlin alikuwa hajawahi kuniuliza naonaje. Na mimi nilikuwa nimevimba kwa hasira miezi mitano, nikamjibu, "Ziulize hizo za dukani. Si ndizo unazoziamini?" Akaendelea kula. Jibu lile nimelijutia sana tangu siku hiyo.

Tuna desturi moja hapa. Kabla ya msimu, kila mtu huenda kwenye machimbo ya kokoto nje ya mji akagongomea sahani ya karatasi kwenye ubao, zile zile tunazolia kwenye pikiniki ya kanisa, kwa sababu upana wake ni sawa na kifua cha elki pale penye uhai. Risasi tatu, yadi mia moja. Asiyeziingiza zote tatu kwenye sahani hapandi mlimani. Hakuna askari anayelinda jambo hilo, ni aibu tu inayolinda. Verlin alijaribu mia tatu, sahani ikabaki nzima. Akajaribu saba, ikagusa ukingo. Akajaribu sita nukta tano ya Lyle, ile ambayo bega halijui, nayo ikaenda zake kwenye kokoto.

"Upepo," akasema. Siku nyingine ikawa darubini ya bunduki. Siku nyingine akasema mtutu na risasi havikupendana. Mchagua nazi hupata koroma, nilimwambia, na yeye akaitikia kwa kichwa kana kwamba nimemtajia risasi ya tano.

Alhamisi moja mwishoni mwa Septemba, yeye akiwa kwa Roscoe akichorewa mistari mingine, nilichukua bunduki yetu ya zamani na pakiti yangu ya mwaka jana, ile ile ilimotoka risasi ya yule dume, nikaenda machimboni peke yangu. Nikapiga tatu. Nilipoifuata sahani niliona matundu matatu ambayo ungeyafunika kwa kikombe cha kahawa. Nilicheka peke yangu mle kwenye kokoto, nilifurahi kupita kiasi. Mkono wangu haukuwa na kosa. Kisha nikakaa kwenye bodi ya gari, furaha ikaniisha, maana kama kosa si la risasi wala si la bunduki, amebaki mume wangu.

Nikadhani anaogopa teke. Huwapata watu wazima, hawasemi. Na kuna njia ya kumjua mtu anayeogopa teke. Nikaenda kwenye meza yangu, nikachukua ganda tupu lenye fataki iliyokwisha kufa, sikutia baruti hata chembe, nikagandamiza kichwa juu yake. Ukiishika na nzima mkononi hutazitofautisha, na isipolia ndipo utaona kama mpigaji anashtuka. Jumapili baada ya kanisa nikamwambia, "Nipigie tano za kwangu. Baadaye fanya utakalo." Akakubali bila kubisha. Siku zile alikuwa akikubali kila kitu alichoambiwa na mtu yeyote.

Nikazipanga mwenyewe, ile tupu ikawa ya tatu. Akalala juu ya mkeka, nikakaa kando yake. Ya kwanza ikagusa ukingo wa sahani. Ya pili sijui ilikokwenda. Ya tatu ikasema tak.

Mtutu ulizama chini kiganja kizima. Lakini mimi nilikuwa natazama uso wake, si mtutu. Macho yalikuwa yamefumbwa, tena yamefumbwa kwa nguvu, mpaka mashavu yamepanda juu. Tumefundishwa sote kwamba risasi isipolia unabaki umeielekeza bunduki mbele nusu dakika, huenda baruti imechelewa. Akabaki hivyo nusu dakika kamili, na nusu dakika hiyo yote hakufumbua macho.

"Verlin," nikasema. "Fumbua macho."

Akafumbua. Akafungua bunduki, akaitoa ile risasi, akaipima mkononi, akaitikisa karibu na sikio.

"Haina kitu."

"Haina. Nimeitengeneza mimi. Tangu lini unafumba macho?"

"Sijui."

"Ni teke?"

"Teke gani, mama? Nimepigwa teke na farasi."

"Basi ni nini?"

"Nakwambia sijui, Idella. Namwona kwenye darubini, vizuri kabisa, mpaka mvuke unaomtoka puani naona. Kidole kinakwenda. Halafu macho yanajifunga. Siyafungi mimi. Hata kwa sahani sasa yanajifunga, na sahani haina pua."

Pale ndipo nikakumbuka. Mtu akimpiga elki, swali la kwanza, kabla hata ya hongera, ni umempiga wapi. Ni lazima, maana ndilo linalosema mngoje kiasi gani. Akipigwa mapafuni, mnangoja nusu saa mnamfuata. Akipigwa tumboni, mnangoja nusu siku nzima alale chini afe palepale, kwa sababu mkimfuata mapema anainuka na kwenda, anakwenda mpaka mnampoteza. Mwaka jana nilimuuliza swali hilo, mimi mwenyewe, na akanijibu bila kusita.

"Ulisema begani," nikamwambia. "Ndiyo maana tuliondoka pale pale kumfuata."

"Nilisema begani."

"Uliona?"

"Sikuona."

Nilisimama. Nilitaka kumtandika na ule mkeka. Miezi yote ile nimekaa chini ya ngazi nikipima upya baruti zangu moja moja, nikidhani mkono umeniharibikia, nikidhani ni uzee, na mtu yuko juu anasogeza pakiti na ukweli anao. Nikayasema yote, na zaidi ya hayo nilisema mengine ambayo hayahusu risasi. Nilipoishiwa pumzi akasema, akiwa bado amelala juu ya tumbo lake, "Nilitaka iwe risasi. Nilitaka sana iwe risasi." Na mimi sikujua tena kama nimpige au nimkumbatie, kwa hiyo nikakusanya maganda.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya ajabu. Bunduki za watu zilirudi kwa wenyewe. Arvid alipiga simu kuuliza kaka yake ameamua ipi, nikamwambia hajaamua, na huo haukuwa uongo. Mimi nilimwambia Verlin abaki nyumbani, friza bado ina nyama ya kutufikisha Januari, na Arvid atatugawia, huku kwetu hakuna anayemnyima nduguye nyama. Akaenda kusimama dirishani.

"Nikikaa," akasema, "yule wa mwaka jana ndiye atakuwa wa mwisho wangu."

"Na ukienda ukamwongeza mwingine?"

"Sijui. Usiniulize ninayoyajua, sina hata moja."

Nikamwambia basi twende, lakini mimi nalala kando yako, na sitamtazama elki, nakutazama wewe. Macho yakijifunga, kidole kinatoka. Akasema sawa. Kisha akasimama mbele ya meza yangu chini ya ngazi, mara ya kwanza tangu mwaka jana, akaomba risasi tano.

Jumamosi ya kufungua msimu tulikuwa juu kabla jua halijagusa bonde, na fulana zetu za rangi ya chungwa, theluji ikifika kwenye vifundo. Arvid alishika ukingo wa pili. Tulilala nyuma ya gogo juu ya kiwanja kidogo cha nyasi. Saa mbili na nusu hivi dume akatoka mitini, peke yake, akaanza kula. Yadi mia moja na hamsini, hazizidi. Nilimtazama mara moja tu kisha nikageuza kichwa.

Nikaona kope za Verlin. Zilitetemeka, zikajifunga, akatoa kidole. Akafumbua, akavuta pumzi. Akarudisha kidole, zikajifunga tena, akakitoa tena. Mikono yangu ilikuwa imekufa kwa baridi. Nilitaka kumwambia mwache, twende nyumbani, nitasema umeumwa, na wakati huo huo nilitaka apige, na kama mtu angeniuliza naomba lipi nisingejua la kumwambia. Kwa utulivu ule nilidhani namsikia yule dume akitafuna.

Mara ya tatu, au ya nne, zilibaki wazi. Maji yalimtoka jichoni yakafuata pua, hakuyafuta. Kisha bunduki ikalia, na jicho bado liko wazi, na likabaki wazi.

Sikuwahi hata kuuliza. "Nyuma ya bega," akasema. "Mapafu yote mawili. Atakwenda hatua ishirini." Nikageuka, na yule dume alikuwa anakwenda, miguu ya mbele ikamkunja, akaanguka kabla ya kufika mitini.

Nusu saa tunayongoja hakuingoja. Aliacha bunduki kwenye gogo, akashuka kwenye theluji, na nilipomfikia alikuwa amekaa chini kando ya dume, kiganja kwenye shingo, pale kwenye manyoya meusi marefu. Mvuke ulikuwa bado unatoka.

Arvid alikuja akihema kutoka ng'ambo, anaongea tangu mbali. "Moja tu. Moja tu nimesikia. Kaka, ipi? Ni mia tatu, sema kweli. Ni saba?"

Nikajibu mimi. "Thelathini-sifuri-sita."

"Umebadilisha baruti."

"Sikubadilisha. Pakiti ya mwaka jana."

"Acha hizo, shemeji. Kichwa kipya?"

"Kichwa kile kile."

"Mnanificha," akasema Arvid, na alikuwa ameudhika kweli. Akamzunguka dume, akachuchumaa kutafuta tundu, akaliona, akapiga mluzi. Kisha akamwona kaka yake vizuri, akavua kofia, hakujua pa kuiweka, akaivaa tena.

Nilikuwa nimeshachomoa kisu. Elki hangoji, hata kwenye baridi. Ngozi ile ni nene, usipompasua mapema nyama inaharibika kwa joto lake mwenyewe, na Verlin ndiye aliyenifundisha hivyo, na kila mwaka yeye ndiye anayeanza. Nilisimama na kisu changu. Arvid akanitazama mimi, nikamtazama Arvid.

"Verlin," nikasema. "Unaanza, au nianze?"

"Anza wewe," akasema. "Mimi bado namtazama."